Tulivyoipanga Upya Timu ya Kambi Chini

Harufu ya makapi ya mkonge ni ngumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kulala nayo. Chukua majani mabichi, yachemshe, yasahau sufuriani mpaka yachache, halafu yamwagie siki, hapo umeikaribia. Mchana upepo wa bahari uliisukuma kuelekea bara, jioni ikarudi, ikaingia kwenye mashuka na kwenye uji. Nimekulia ndani ya harufu hiyo, kwenye shamba la mkonge lililokuwa mbele kidogo ya Pongwe, na leo nina maduka ya vifaa vya ujenzi na malori yanayokwenda hadi Horohoro mpakani, ilhali darasa la saba sikulimaliza. Wakisema najigamba, waache waseme. Mtu aliyebeba saruji mgongoni mpaka akanunua duka alilokuwa akilibebea ana haki ya kusimulia. Lakini harufu unaizoea. Usichokizoea ni kuwashwa. Maji ya mkonge yakikugusa mguuni, utajikuna mpaka ngozi iwe nyekundu, na kadiri unavyojikuna ndivyo unavyozidi kutaka kujikuna. Sisi watoto wa shambani tuliijua adha hiyo kuliko tulivyojua kusoma, na ndiyo maana kiangazi kimoja, uwanja wetu wa mpira ulipokuwa hatarini, sikutulia.

Shamba letu lilikuwa na kambi mbili za wafanyakazi, Kambi Juu na Kambi Chini, na katikati yake kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, ambacho kila mtu alikiita korona. Baba alikuwa mkataji, alikuja kutoka bara kutafuta kazi kabla sijazaliwa. Mama alifanya kazi ya kuanika singa, zile nyuzi nyeupe zinazotoka kwenye mashine, kwenye nyaya zilizotandazwa uwanjani. Sehemu moja ya uwanja huo ilikuwa haitumiki tena, nyaya zimeng'olewa, ardhi ngumu na tambarare kama meza. Hapo ndipo Kambi Chini tulipocheza mpira, na Kambi Juu walituonea wivu, kwa sababu wao walicheza juu ya lundo kuukuu la makapi nyuma ya korona. Ukikanyaga pale mguu unadidimia, unatoka na uji wa kijani, na usiku hulali. Basi wakatutaka tucheze mechi ya kugombea uwanja. Ingechezwa mvua za masika zikikaribia. Atakayeshinda atachukua uwanja wa singa, atakayeshindwa atahamia kwenye makapi. Tukitoka sare, uwanja unabaki kwetu. Tulikubali kwa sababu tulikuwa tunawafunga kila tukikutana.

Tatizo ni kwamba baada ya kukubali, timu ikatutoka mikononi. Kazi ilipungua shambani kiangazi kile, baadhi ya wazazi wakarudi kwao milimani au wakahamia mashamba mengine, na watoto wao wakaenda nao. Tuliondokewa na golikipa, beki, na kijana mmoja aliyekuwa na mbio kama amefukuzwa na nyuki. Tulipocheza mechi za kujipima tukafungwa, tukafungwa tena, mpaka nahodha wa Kambi Juu, Mbwana, akawa anapita kibarazani kwetu akijikuna miguu kwa maringo na kuuliza kama tumeshaanza mazoezi ya kujikuna. Mimi ndiye nilikuwa nahodha wa Kambi Chini. Unahodha niliupata kwa njia inayojulikana na kila mtoto wa Kitanzania: mpira ulikuwa wangu. Mama aliufuma kwa matambara na mifuko ya nailoni, akaufunga kwa kamba ya singa iliyosokotwa vizuri kiasi kwamba ulikuwa unadunda. Mwenye mpira hawekwi nje. Mwenye mpira anacheza mbele.

Wenzangu walitaka tutafute mamluki. Omari, mchunga mbuzi, alikuwa na binamu anayekaa Usagara, mjini, mwenye viatu halisi vya mpira, na wote wakaamini viatu vile vitatuokoa. Sikuwa na wazo jingine, nikakubali. Binamu akaja Jumapili, akacheza peke yake, hakumpa mtu pasi, akaanguka mara moja karibu na mfereji wa maji ya mkonge, na kabla ya mapumziko alikuwa ameketi akivua soksi na kulia kwamba anaungua. Alirudi mjini siku ileile na hakuonekana tena. Tulifungwa kama kawaida. Jioni ile sikula. Nilitoka nje, nikaingia, nikatoka tena, mpaka baba akaniuliza kama nimekanyaga siafu.

Akili niliipata korona, na naisema wazi kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimempelekea mama chakula. Nyapara wao, Mzee Singano, alikuwa ametoka kuwahamisha watu. Mama yangu ni mfupi, na kila akianika singa ilibidi aruke kidogo ili kuufikia waya. Nyapara akamtoa kwenye nyaya akamweka mezani kupanga majani yanayoingia kwenye mashine, na mama mmoja mrefu aliyekuwa akiumwa mgongo kwa kuinama mezani akapelekwa kuanika. Mama alikuwa amenuna. Alisema anaonewa, kwamba kuanika ndiyo kazi aliyoijua. Lakini baada ya siku chache alirudi nyumbani akiimba. Singa zilikuwa zinakauka mapema, mashine haikwami, na hakuna mtu mpya aliyeajiriwa. Watu walewale. Nilipompelekea chakula tena, nilisimama pale na sahani tupu mkononi nikajisemea kwamba hatuhitaji mtu wa Usagara. Tunahitaji kutazama nani kasimama mahali pasipo pake.

Kuanzia hapo nikawa natembea kambini kama mkaguzi. Omari, ambaye tulimweka mbele kwa kuwa ni mkubwa, nikamtazama akichunga. Mbuzi wanapotaka kuingia kwenye mihogo ya watu, Omari hawafukuzi kwa nyuma. Anawahi kusimama pale wanapotaka kwenda. Nikamrudisha nyuma awe beki, na tangu siku hiyo wapinzani walimwona kila wanakogeukia. Golikipa ndiye aliyenisumbua. Wavulana wote walikuwa wanafumba macho mpira ukija. Nikaenda kuwatazama wasichana wakicheza rede, ule mchezo ambao wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira kumlenga aliye katikati. Katikati alikuwa Mwanahawa, mjukuu wa bibi mmoja Mdigo aliyekuwa akiuza maandazi. Hakuna aliyewahi kumpiga Mwanahawa. Mpira ukija kifuani anapinda, ukija miguuni anaruka, na wakati huohuo anajaza mchanga kwenye chupa, kama mchezo unavyotaka, huku akiwacheka. Nikasema macho yale ndiyo ya golini.

Wenzangu walicheka mpaka wakalala chini. Bibi yake naye ilibidi nikamwombe, nikampa shikamoo ya heshima zote, akakubali kwa sharti kwamba avae suruali ndani ya gauni na arudi kabla ya magharibi. Tukacheza mechi ya kujipima na watoto wadogo. Shuti la kwanza lilikuja taratibu, lilimlenga kabisa tumboni, kitu cha kukumbatia tu. Mwanahawa akapinda kiuno kwa uzuri wa ajabu, mpira ukapita, ukaingia golini. La pili akaruka juu, likapita chini ya miguu yake. Nilimwendea mbio nikimuuliza kwa nini hadaki. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

"Mpira ukikugusa umekufa," alisema. "Maisha yangu yote naukwepa, leo unataka niukumbatie?"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Stella, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, msichana mnene mtulivu ambaye kazi yake kwenye rede ilikuwa kusimama upande mmoja na kurusha. Alikuja mpaka golini akauokota mpira.

"Huyu akikwepa, unadhani mpira unaishia wapi?" aliniuliza. "Mimi ndiye ninayeudaka. Kila siku. Hamkuniona kwa sababu mnamtazama yeye."

Niliamuru apigiwe mashuti pale pale. Yote alidaka, mengine kwa mkono mmoja, tena bila haraka, kama anayepokea mtoto kutoka kwa mama yake. Basi Stella akabaki golini, na Mwanahawa nikamsogeza mbele, upande wa kulia. Kama hakuna mpira unaoweza kumgusa, na mguu wa mtu utamgusaje? Alipita katikati ya mabeki kama maji kwenye vidole. Sasa mbele alibaki mtu mmoja aliyesimama mahali pasipo pake. Nilikuwa najua kinachofuata lakini nilikuwa nakizungukazunguka, naelekeza huyu, nahamisha yule, mpaka Stella akaniita nikiwa nafunga kamba ya mpira.

"Umetupanga wote," alisema. "Na wewe unacheza wapi?"

Nilikuwa nacheza mbele, na sikuwa na mbio, wala shabaha, wala pumzi. Nilikuwa na sauti na macho. Usiku nilijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango, na asubuhi nilikwenda nikawaambia kwamba nafasi yangu anachukua mtu mwingine, na mpira utatumika vilevile. Nani mwingine katika shamba lile aliwahi kujiweka nje na mpira ni wake? Sikumwona. Siku ya mechi nilisimama nyuma ya goli la Stella na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka: Omari, kushoto, Mwanahawa, nenda. Mbwana na wenzake walidhani tumeleta wasichana kwa kukosa watu. Mwanahawa akawapita wote akafunga, wakaanza kugombana wenyewe. Baadaye wakasawazisha. Mwishoni Mbwana alibaki yeye na Stella tu, akapiga kwa hasira zake zote, na Stella akaupokea mpira kifuani, akakaa nao chini, akakataa kuinuka. Sare. Uwanja ukabaki kwetu, na Mbwana akarudi kwenye makapi yake.

Nimekumbuka yote haya kwa sababu mwaka huu mimi ni mwenyekiti wa timu ya kata, na timu inafungwa. Inafungwa na kila mtu. Ikifungwa tena inashuka daraja, na vijana wetu watarudi kukaa vijiweni. Kamati inataka tulete mamluki kutoka ng'ambo ya Horohoro, nami nawakatalia, nawasimulia Omari na mbuzi wake. Kila Jumamosi nilikuwa naingia chumba cha wachezaji na kupanga kikosi kwa mkono wangu, kocha amesimama kando. Jezi ni zangu, lori linalowabeba ni langu. Wiki mbili zilizopita Stella alikuja uwanjani. Siku hizi ni muuguzi, anakaa Usagara, ana wajukuu. Alitazama mechi mpaka mwisho, tulipofungwa, akaniambia ameona mabeki wazuri. Kisha akacheka kile kicheko chake.

"Bwana mwenyekiti, na wewe unacheza wapi?"

Jumamosi iliyofuata nilishusha jezi kwenye lori, nikamkabidhi kocha, nikamwambia apange anavyoona. Alinitazama akisubiri niongeze neno. Nikazunguka uwanja nikaenda kusimama nyuma ya goli, mahali ninapopajua. Korona ilizimwa zamani, lile lundo la makapi limeota majani, upepo siku hizi unaleta harufu ya moshi wa magari na chipsi. Mpira ukaanza. Kocha alikuwa amempumzisha kijana ninayempenda kuliko wote, na nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikapiga hatua mbele, nikarudi. Miguu ikaanza kuniwasha, yote miwili, kuanzia kwenye vifundo mpaka magotini, na pale niliposimama palikuwa pakavu, hakuna tone la maji ya mkonge.