Majembe Yaliyozikwa Mahameni

Juzi nilikwenda Sumbawanga mjini kufuatilia jambo langu katika ofisi moja. Mlangoni mlinzi akanipitishia mwilini kile kifimbo chao cha kupekulia watu, na kilipofika kiunoni kikalia: tiii. Zilikuwa funguo tu, nilizozifunga kwenye pindo la kitenge. Mlinzi akacheka, akasema, "Pita, mama." Nikashindwa kupita. Masikio yangu yalikuwa yamekwisha kwenda mahameni, kwenye mabua makavu na upepo wa mwezi wa sita, yakimsubiri mtu aseme, "Chimba hapa."

Waliokuwapo siku ile nawakumbuka wote. Nilikuwapo mimi, Gaudensia, mkubwa wa watoto watatu tulioachwa na wazazi. Alikuwapo mdogo wangu Oresti, ambaye hakuwahi kufunga mdomo ila pale ulipokuwa na chakula ndani. Alikuwapo kitinda mimba wetu, Leokadia, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Alikuwapo Baba Mdogo Siksto, aliyemfuata marehemu baba kwa kuzaliwa. Alikuwapo Haruni, mtu wa Kasanga kule ziwani, mwenye mashine. Na Mzee Pankrasi, balozi wetu wa nyumba kumi, alifika mwishoni, lakini namhesabu kwa sababu yeye alikuja ameitwa. Wale waliokuja kwa yowe siwahesabu.

Kwa asiyejua, hame ni mahali palipokuwa na kijiji, watu wakahama. Hame letu liliachwa baba akiwa bado mvulana, wakati serikali ilipotaka watu wakae pamoja kando ya barabara. Nyumba zikarudi kuwa udongo. Vikabaki mawe ya kusagia, vigae vya vyungu, na kitu ambacho ukikiona kwa mbali utasema ni kichuguu, kumbe ni tanuru la mababu waliokuwa wakiyeyusha chuma. Udongo wa pale umelala juu ya majivu na samadi ya miaka mingi, na mahindi yake husimama kama watu waliokula wakashiba. Shamba letu lilikuwa hapo. Wazazi walipotutoka niliacha shule darasa la tano, nikashika jembe. Majirani walisema hatutafika Krismasi. Tulifika, tena tukala ugali wa ulezi wetu wenyewe. Shamba lile lilikuwa baba na mama yetu, ndugu zangu; bila hilo tungegawanywa kama vifaranga, kila mmoja na jiko lake la kuonea moshi.

Kabla hajafa, baba aliniambia jambo moja juu ya shamba. Babu yetu, aliyekuwa mhunzi, alipowagawia wanawe wawili ardhi, alizika jembe kuukuu katika kila pembe ya sehemu ya baba. Alikuwa akisema, "Mti utakatwa, jiwe litabebwa. Jembe likizikwa halina miguu." Baba alikusudia kunionyesha mahali penyewe akipata nafuu. Nafuu haikuja. Zile pembe walikuwa wakizijua wawili tu, na sasa alibaki mmoja, Baba Mdogo Siksto. Na yeye alikuwa ameanza kusema vilabuni kwamba sehemu nzuri ya mahame ni yake, yetu ni kule juu kwenye mawe. Wazee wakapanga wakutane Jumamosi waamue.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, Baba Mdogo alikuja kwetu na sukari na mche wa sabuni. Mtu ambaye hakuwa amekanyaga uani kwetu tangu matanga ya mama! Nyuma yake alikuwa mwanaume mwembamba aliyefika kwa pikipiki, mgongoni amefunga kitu kirefu kwenye turubai.

"Huyu mshikaji wangu, Haruni," Baba Mdogo alisema. "Ana mashine inayoona chini ya ardhi. Mjerumani alifukia rupia zake mahameni alipokimbia. Tukizipata, Gaudensia, wewe unarudi shule."

Niliona Oresti amekwisha kuzitumia zile rupia machoni. Mimi niliitazama sabuni. Mama alikuwa akituambia kwamba mgeni anayekuja na sukari mchunguze anapoweka miguu. Nikachemsha viazi vitamu, wakala wote wawili, kisha tukaenda mahameni pamoja.

Haruni alipofungua turubai, ilitoka fimbo yenye sahani ya duara chini na kiboksi juu. Akavaa vile vya masikioni. Oresti akaninong'oneza, "Dada, anasikiliza mpira?" Mimi niliamini anasikiliza maiti. Tulikuwa tumekua na habari za watu wanaokuja na mashine kunyonya damu, na huyu hakuwa na mwili ulionona kwa damu ya mtu yeyote, lakini shaka haina macho. Leokadia peke yake hakuogopa. Sahani ilipompitia karibu na mguu, mashine ikalia, naye akaiinamia kwa heshima: "Shikamoo." Haruni akavua vya masikioni, akaitikia kwa niaba ya mashine, "Marahaba, mwanangu." Hata hilo sikulipenda.

Mashine ilipiga kelele kila mahali. Alichimba, likatoka donge jeusi, zito, lenye matundu kama mkate. Akachimba tena, donge jingine. Ni mavi ya chuma, masalia ya matanuru ya mababu. Mahame yetu yamejaa hayo. Oresti, aliyekwisha kujiajiri kubeba sururu, akacheka mpaka akakaa chini: Mjerumani ameficha mavi! Haruni hakukasirika. Alimvalisha vya masikioni asikie mwenyewe. "Mavi ya chuma yanakoroma," alimwambia. "Chuma kilichopita mkononi mwa mhunzi kinaimba."

Lakini mimi nilikuwa natazama miguu, kama alivyosema mama. Mtu anayetafuta hazina ataanzia wapi? Kwenye kiwanja cha mwene, mtawala wa zamani, au penye tanuru. Baba Mdogo hakumpeleka huko. Alimpitisha pembeni, kando kando ya shamba letu, akimwonyesha kwa kidole: "Jaribu pale. Sogea kidogo. Pale." Na kila mashine ilipoimba, Haruni alisimika bua la muhindi kama alama, akachimba.

Pembe ya kwanza lilitoka jembe. Lilikuwa limeliwa na kutu, lakini jembe halijifichi. Baba Mdogo akalitia kwenye gunia upesi. "Chuma chakavu," alisema. Pembe ya pili likatoka jingine, likaingia guniani vilevile. Hapo moyo wangu ukawa kama maji ya kisima asubuhi ya Juni. Nikamvuta Oresti kando, nikamwambia aende kwa Mzee Pankrasi, aseme nimemwita kwa heshima zote, na asimwambie mtu mwingine njiani. Kumwomba Oresti asiseme ni kuuomba upepo ukae. Lakini siku ile alikwenda amefumba mdomo, na mwenyewe alitimua mbio.

Kwenye pembe ya tatu mashine ikaimba. Kabla sururu haijashuka, nilikwenda nikakaa pale pale.

"Ondoka hapo," Baba Mdogo alisema.

"Nimechoka, Baba Mdogo."

"Kachokee kwenu."

"Hapa ndipo kwetu."

Alinifokea kwa Kifipa maneno ambayo sitayaandika. Haruni akavua vya masikioni, akachuchumaa mbele yangu. Nikamwamkia kwanza; sikufundishwa kumsemesha mtu mzima kavu kavu. "Shikamoo. Hapa chini kuna jembe la babu. Ni mpaka wa marehemu baba. Hayo yaliyomo guniani pia."

Alinitazama, kisha akalitazama gunia. Halafu akainua uso. "Kaka Siksto. Uliniambia rupia."

"Utasikiliza mtoto? Akili ya yatima hiyo. Chimba, nitakulipa."

"Mpaka wa yatima sichimbi," Haruni alisema. Akalitwaa gunia, akarudi pembe ya pili, akaliweka jembe shimoni penye bua lake, akalifukia kwa mikono. Akaenda pembe ya kwanza, akafanya hivyo hivyo. Mimi sikuondoka nilipokaa. Nilidhani ni ujanja mwingine. Nilidhani nikiinuka tu watalirukia jembe wote wawili.

Ndipo Baba Mdogo alipopiga yowe. "Mwizi! Mwizi! Anafukua makaburi!"

Watu walikuwa mashamba ya jirani wakikata ulezi. Walikuja na fimbo, wengine na majembe. Walimkuta mgeni, mikono ina udongo, ana mashine. Wangehitaji ushahidi gani zaidi? Nilipiga kelele kwamba Baba Mdogo ndiye aliyemleta, lakini sauti ya mtoto kwenye yowe ni kama nzi kwenye ngoma. Fimbo zikamshukia. Mtu mmoja akaipiga mashine kwa jembe, ikavunjika katikati, na kile kiboksi akakipondaponda mpaka nyaya zikatoka. Haruni hakuukinga uso wake. Alikuwa ameikumbatia sahani.

Mzee Pankrasi alifika akihema, Oresti akimtangulia. Akanyanyua mkono tu, watu wakanyamaza. "Mwizi huyu amekuja na nani?"

"Simjui," akasema Baba Mdogo.

Leokadia, aliyekuwa amejificha nyuma ya kitenge changu, akatoa kichwa. "Sasa mbona ulikula naye viazi vyetu?"

Kuna mtu alicheka. Kisha hakuna aliyecheka. Mzee Pankrasi akaniuliza, nikamweleza. Akachimba mwenyewe kwenye kila bua, na nilipoinuka akachimba na pale nilipokaa. Majembe yalikuwapo. Kwa pembe ya nne hawakuhitaji mashine. Waliipata kwa kunyoosha kamba. Jumamosi haikusubiriwa. Mzee alisema mbele ya watu wote kwamba shamba ni la watoto wa marehemu, na Baba Mdogo akaondoka bila gunia lake.

Waliompiga Haruni waliondoka mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka ulezi wake. Nilimletea maji kwenye bakuli. Alinawa damu mdomoni, akaokota vipande vya mashine kimoja kimoja, akavifunga kwenye turubai. Kwa kweli bado nilikuwa namchunguza. Alisema kama anayejisemea, "Tuliuza nyavu za marehemu baba tukainunua, mimi na wadogo zangu." Akafunga mzigo kwenye pikipiki, akaenda.

Nilikuwa mkubwa kabisa, na watoto wangu mwenyewe, sentensi ile iliponifikia. Siku ile niliisikia kama habari za watu wa ziwani. Kwa miaka nilijiambia kwamba aliyarudisha majembe kwa kuogopa watu, na nikasahau kwamba alipoyarudisha hapakuwa na watu. Palikuwa na sisi tu.

Oresti sasa ni fundi pikipiki mjini, Leokadia ni muuguzi. Shamba limewalea wote wawili. Mwaka jana, baada ya mavuno, nilishuka Kasanga na gunia la ulezi na jogoo, niulize habari zake bandarini. Nikawakuta wanaume wanapanga magunia ya kwenda Kongo. Mmoja akaniangalia juu hadi chini.

"Haruni wa mashine? Unamtakia nini?"

"Ananidai."

Wakatazamana. "Mama," akasema mwingine, "tangu lini mtu akamtafuta anayemdai? Sema ukweli. Amekutapeli?"

Niliwaeleza yote, tangu viazi hadi nyavu. Walisikiliza kwa adabu, na hawakuniamini hata kidogo. Kama walimjua, walimficha, wakidhani wanamlinda. Nilisubiri mpaka meli ikaondoka. Kisha nikapanda gari la kurudi Sumbawanga, jogoo mapajani, gunia langu limefungwa vilevile nilivyolifunga.