Uso wa Atupele Kati ya Maelfu

Kokoa iliyovundikwa chini ya majani ya migomba hunukia kwanza kama pombe tamu, kisha kama siki, na msimu ule nyumba yetu ya Bujonde ilinuka siki tupu, kwa kuwa baba alisahau kuigeuza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Dada yangu Atupele alikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari katika mji mkuu wa nchi moja ya kaskazini, na watu wa mji ule walikuwa wameujaza uwanja mkubwa ulio mbele ya ikulu, wakilala hapo na watoto wao, wakitaka mtawala aliyekaa madarakani tangu kabla Atupele hajazaliwa aondoke. Chuo kilifungwa, wanafunzi wa kigeni wakaambiwa warudi makwao. Baba alimpigia simu akamwambia aje nyumbani. Sauti ilikuwa ikikatikakatika, lakini jibu lake tulilisikia wote.

"Baba, hapa kwenye hema tuko watatu tu tunaojua kufunga vidonda. Nikiondoka watabaki wawili."

Kesho yake simu za nchi ile zote zilizimwa.

Kila jioni tulikwenda kwa Mwalimu Mwanaidi, mgeni kutoka Tanga aliyefundisha shuleni kwetu, kwa sababu alikuwa na televisheni. Mama alikaa chini, karibu kabisa na kioo, akitafuta uso mmoja kati ya maelfu. Picha ilipobadilika alikigusa kwa kiganja, kama anayeiomba isubiri. Kisha alisema "ndaga fijo", ahsante sana, tukarudi nyumbani. Baba, ambaye watu wa kijiji walimletea mashauri yao, alipanda basi hadi Mbeya kuulizia, akarudi na namba ya simu isiyopokelewa. Siku ya kumi tangu watu waujaze uwanja, tuliona mahema yakiungua. Mwalimu alizima televisheni. Mama akamwomba, kwa upole, aiwashe tena.

Atupele alirudi baada ya mwezi, amekonda, vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki. Mtawala alikuwa ameshaondoka. Aliyemfuata aliuzungushia uwanja ukuta. Leo dada ana duka la dawa Kyela mjini, na huandika kwa mkono wa kushoto. Mimi nina simu inayonionyesha viwanja vya dunia nzima vikijaa watu na watu wakifukuzwa, na bado sina la kufanya zaidi ya alilofanya mama. Mwaka jana nilithubutu kumuuliza dada kama walishinda. Alimaliza kwanza kumhudumia mteja.

"Kwa siku kumi," alisema, "tulikuwa huru."