Mwendo wa Jirani Yetu

Mwaka juzi nilirudi Lusangi kwa pikipiki kutoka Kabambare, na njiani tulisukuma zaidi kuliko tulivyopanda. Kijana aliyenibeba alijua mimi ni mwigizaji. Aliniuliza nilisomea nchi gani. Nikamjibu nilisomea hapahapa, kwenye matope haya, na mwalimu wangu hakujua kusoma. Alidhani ni mzaha, nikamwacha acheke.

Mwalimu huyo alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Enzi za Wabelgiji, kwetu matanga hayakuisha kwa kulia tu. Siku ya kuyaanua, mtu mmoja alivaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, hata akagombana na mke kama yeye, mpaka watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Hapo ndipo mjane aliporuhusiwa kuvua nguo za msiba na kushika jembe. Watazamaji walimletea mjane mchele, kila mtu bakuli lake. Na aliyekatiza igizo, hata awe nani, alitoa gunia zima, kwa sababu alimkata marehemu kauli.

Bibi ndiye alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Aliitwa mpaka Kasongo, mpaka Nyangwe. Tulijua ana safari akianza kutwanga sombe, majani ya muhogo, huku anajaribu kikohozi cha mtu. Alirudi kitenge chake kinanukia samaki wa kukaushwa, mikono mitupu. Mama akinung'unika, bibi alisema, "Muchele ya mujane haiivi mu chungu ya mwingine." Basi tukala sombe yetu bila mchele, na mimi niliona fahari ambayo sijaipata tena hata nilipopigiwa makofi na watu wenye tai.

Kisha jirani yetu akafa. Alikuwa akibeba mawe ya barabara ya Kabambare, kazi ya lazima. Kapita aliyewasimamia alisema kilichomuua ni pombe ya mchikichi. Uongo mtupu. Kifua kilimuuma, aliomba kupumzika, akapewa fimbo. Wenzake wote waliona.

Mvua zilikuwa zimeanza na mjane hakuweza kulima. Watoto wake walikula kwetu. Siku ya kuanua ilipokaribia, kapita akaja uani kwetu.

"Mama, yale maigizo, bwana mukubwa amekataza."

"Na mujane atavua nguo ya musiba namna gani?"

"Atavua tu."

Bibi hakuacha kutwanga. "Tangu lini kapita anapangia wafu kazi?"

Hakuigiza uani. Alingoja siku ya soko la pamba, watu wamepanga foleni na vikapu vyao, bwana mkubwa, yule Mzungu wa serikali, amekaa kivulini karibu na mzani. Alitokea amevaa kofia iliyotoboka ya jirani yetu, jiwe kichwani. Alikuwa na mwendo wake kamili, mguu wa kushoto ukiburuta, mkono mmoja kifuani. Alisimama mbele ya kapita. "Bwana kapita, kifua inaniuma. Uniache nipumuzike kidogo." Akaanguka. Akainuka, akajitwika jiwe, akaomba tena. Hakuna aliyecheka.

"Inatosha, mama," kapita akasema. "Inatosha."

Watu wote wakamgeukia. Bwana mkubwa alimuuliza mkalimani kuna nini, naye akamjibu kwamba ni matanga, na kapita ameyakatiza. Kapita alikuwa mtoto wa kwetu. Aliweza kumdanganya Mzungu, lakini alimwogopa marehemu. Jioni gunia la mchele lilikuwa mlangoni kwa mjane.

Asubuhi askari walimpeleka bibi gerezani Kabambare. Wanawake waliompelekea chakula walirudi na habari kwamba kila mchana anamwigiza bwana mkubwa akifukuza nzi, na walinzi wanajificha wacheke. Alitoka amekonda. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mujane amelima?"

Alikuwa amelima.

Leo nina kikundi changu Kasongo, na mapato yetu ni ya wajane. Wageni wa mashirika hunishauri tuigize mambo yasiyoudhi watu. Nawakaribisha chai, nawasikiliza, halafu tunaigiza tunachotaka. Lakini matanga ya siku hizi yanaanuliwa kwa kipaza sauti, na hakuna anayevaa kofia ya marehemu. Pamba imekwisha, nyumba ya kapita imebaki msingi. Hata barabara yenyewe imeliwa na majani.

Pikipiki ilipokwama mara ya mwisho, nilishuka. Nikaweka mkono kifuani, nikatangulia huku naburuta mguu wa kushoto.

"Mama, uko mugonjwa?" kijana akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Huyu ni mutu aliyejenga hii barabara. Usimukatize."