Machaguo Sabini na Matano

Inshirah alikuwa na miaka arobaini na tisa, hana mume, ana ulimi. Duka lake la steshenari lilikuwa mkabala wa sekondari ya wasichana pale Mahalla, mji wa viwanda vya nguo nchini Misri: mashine mbili za fotokopi, kompyuta tatu, na feni moja aliyoielekeza upande wake tu. Kila Agosti, matokeo ya kumaliza sekondari yakishatoka, wazazi walimiminika humo na watoto wao ili wajaziwe machaguo ya vyuo. Wizara iliruhusu machaguo sabini na matano. Kompyuta ya serikali iliyapitia kutoka juu kwenda chini, ikitazama alama za mtoto, na chuo cha kwanza kumkubali ndicho kilichokuwa chake.

“Sabini na matano!” Inshirah alikuwa akisema. “Mwanamke anayetafutiwa mume hapewi hata mawili.”

Aliwadharau wateja wake wote, nao walirudi kila mwaka, kwa sababu hakuwahi kukosea namba hata moja. Siku moja mama mmoja alimsukuma mwanawe mbele ya kompyuta akasema, “Anza na udaktari.”

“Amepata asilimia ngapi?”

“Sabini na nne, lakini ni mwerevu, mitihani ndiyo haimpendi.”

“Mama, kwa alama hizi hospitali haitamkubali hata akiugua.”

Yule mama alinuna, akakaa, na mwisho mwanawe akaandikiwa biashara kama wenzake.

Inshirah hakuzaliwa na ulimi huo. Alipokuwa na miaka kumi na minane aliongoza shule nzima, na barua ikaja kutoka Cairo kwamba amekubaliwa kusoma uchumi, ada italipwa yote na kitanda cha bweni kipo. Baba yake aliisoma barua ile amesimama, akaikunja mara nne, akasema, “Binti yangu halali mahali ambapo siwezi kusikia mlango ukifungwa.” Mambo yakaishia hapo. Inshirah akabaki kulala nyumbani, akawa anapanda treni ya alfajiri kwenda mji jirani wa Tanta kusoma historia, somo ambalo alisema lilimfundisha kwa miaka minne kwamba wajinga walikuwapo tangu zamani. Kaka yake Shauki, aliyefeli mara ya kwanza, aliwekewa walimu wa nyumbani watatu akarudia mtihani. Sasa alikuwa msimamizi katika ofisi ya umeme, na alitembea kama vile umeme wenyewe aliuvumbua yeye.

Shauki alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Basmala, alimaliza sekondari mwaka huo kwa asilimia tisini. Vigelegele vilipigwa mpaka ghorofa ya nne, na mkewe Najwa akapika bata wa kujazwa na mchuzi wa majani ya mlukhiya, akamwalika wifi yake Inshirah kwa chakula cha mchana.

“Ufamasia,” alisema Shauki hata kabla bata hajakatwa. “Alama zinatosha. Jambo limekwisha.”

“Kwa nini ufamasia?” aliuliza Inshirah.

“Wifi, huku kwetu mfamasia naye si huitwa daktari?” alidakia Najwa, uso umemng’aa. “Nami nitaitwa mama wa daktari. Mtaa mzima utaniamkia hivyo.”

“Mtaa huu una maduka ya dawa kumi na moja na mgonjwa mmoja,” alisema Inshirah, “na mgonjwa mwenyewe ni mume wako, ugonjwa wake kiburi, nao hauna dawa.”

Shauki aliweka kijiko chini. “Dada, tumekuita ule, hatukukuita utukane.”

“Naweza vyote kwa pamoja.” Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi. Kiwanda kimoja cha nguo kilikuwa kinatafuta wasichana wa kusomea teknolojia ya nguo. Kingelipa masomo ya miaka minne, kisha kiwaajiri katika maabara ya kutia rangi vitambaa. “Kazi inamsubiri kabla hajanunua hata daftari. Huyo mfamasia wako atakaa nyumbani miaka mitatu anakunja taulo, akisubiri kuitwa daktari.”

“Mwanangu aende kiwandani?” Shauki alicheka kwa puani. “Babu yake alitoka huko anakohoa.”

“Babu yake alifuma. Huyu atavaa koti jeupe. Si mnapenda makoti meupe nyie?”

Wakabishana mpaka bata akapoa. Muda wote huo Basmala alikuwa akimega mkate vipande vidogo vidogo. Baba yake akisema ufamasia, anajibu, “Sawa, baba.” Shangazi yake akisema nguo, anajibu, “Sawa, shangazi.” Hakuna aliyeona kwamba msichana alisema sawa kwa wote wawili.

Kesho yake Inshirah alimwita dukani, akamjazia machaguo, teknolojia ya nguo ikiwa ya kwanza. Siku mbili baadaye Shauki akaja peke yake, ameshika kikaratasi chenye namba ya siri ya binti yake.

“Mimi mashine zenu hizi sizijui,” alisema kwa sauti ya chini. “Nipandishie ufamasia juu. Dakika moja tu.”

“Mwenye machaguo yuko wapi?”

“Mimi ndiye baba yake.”

“Sijakuuliza nani alimzaa. Nimekuuliza yuko wapi.”

“Inshirah, usinitie aibu mbele za watu.”

“Watu gani? Hapa tuko mimi, wewe na feni.” Akamsogelea. “Huoni haya, Shauki? Unamnyemelea mwanao kama mwizi wa kuku. Na hata wizi wenyewe huujui, umekuja kuniomba mimi nikuibie. Toka dukani kwangu.”

Shauki alitoka amefura. Hakwenda mbali, alielekea duka jingine karibu na stesheni, ambako kijana mmoja alimfanyia kazi ile bila kumuuliza swali.

Inshirah aligundua siku ya mwisho, saa kadhaa kabla ya tovuti kufungwa. Alifungua ukurasa wa Basmala ili ahakikishe tu, akaona ufamasia umekaa juu kama mfalme. Damu ilimpanda kichwani. Namba ya siri alikuwa nayo, mkono ulikuwa tayari juu ya kipanya, na kuirudisha orodha kama ilivyokuwa kungemchukua muda mfupi kuliko kumenya yai. Lakini akaukumbuka ule mkono uliokunja barua mara nne. Akauondoa wake. Akampigia simu mpwa wake, “Njoo sasa hivi,” akakata.

Basmala alifika na ndala miguuni, unga umemganda vidoleni. Inshirah alimwelekeza kwenye kiti.

“Baba yako amekwenda kukubadilishia. Keti, urudishe mwenyewe.”

Msichana aliketi. Alitazama kioo cha kompyuta, akaufuta ufamasia. Inshirah akatabasamu. Basmala akashuka chini, akaifuta na teknolojia ya nguo.

“Umepagawa?”

Kwenye nafasi ya kwanza Basmala aliandika kitivo cha uuguzi, Tanta.

Inshirah alicheka, na cheko lake halikuwa zuri. “Uuguzi? Kwa asilimia tisini? Mtu anasoma usiku na mchana ili akabebe mabeseni?”

“Nilijua utasema hivyo, ndiyo maana sikusema.”

“Wale ni watumishi wenye sindano, Basmala!”

“Ndivyo ulivyosema hospitalini.” Msichana aligeuka kwenye kiti. “Bibi alipolazwa. Yule muuguzi alikuja akasema maji yanajaa mapafuni, ukamwambia aende alete mtu aliyesoma. Si ndiyo? Daktari alikuja kesho yake akasema maneno yale yale. Sasa nani alikuwa amesoma, shangazi?”

Inshirah alishika mgongo wa kiti, Basmala akaendelea.

“Kuna hospitali ya watoto Tanta inafadhili wauguzi na kuwaajiri wakimaliza. Nilikwenda kwenye usaili mwezi uliopita, nikamwambia mama ninakwenda masomo ya ziada. Wamenichukua. Masharti yao ni uuguzi uwe chaguo la kwanza.”

“Utafuta matapishi ya watu.”

“Nimeshayafuta. Ya bibi. Wewe ulikuwa umesimama nje ya mlango.”

Mwanafunzi mmoja aliingia kutaka bahasha. Inshirah akamfukuza kwa mkono bila kumtazama. Maneno hayakuwahi kumwishia katika duka lile, na sasa alisimama nyuma ya mpwa wake akiitazama shingo yake nyembamba na unga uliomrukia nyweleni. Alitafuta dharau ya kumjibu. Alizipata tatu au nne, zote zikaonekana kuukuu, kama nguo alizokwisha kuzivaa mno. Ilikuwa kweli kwamba alisimama nje. Siku zote arobaini ambazo mama yake alilazwa, alisema harufu ya dawa inamuumiza kichwa.

“Bonyeza,” alisema mwishowe. “Bonyeza haraka, kabla akili hazijanirudia.”

Basmala akabonyeza.

Majibu yalipotoka, Shauki aliingia dukani mbele ya wateja saba, ameshika simu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Basmala alikuwa nyuma yake, uso umempauka.

“Umemwandikia mwanangu uuguzi!”

Inshirah alimtazama kaka yake, kisha akamtazama msichana. Aliona kwamba ukweli ukisemwa hapo, Basmala hatapanda treni ya Tanta wala treni yoyote.

“Nimemwandikia,” alisema. “Nenda kanishitaki. Waambie na polisi wewe mwenyewe uliandikiwa ufamasia na nani, na namba ya siri uliipata wapi.”

“Wewe ni nyoka! Huna mtoto, ndiyo maana unaharibu wa wenzako!”

Wateja waliinamisha nyuso. Neno lile liliingia, na Inshirah aliliacha liingie. “Umemaliza? Basi nipishe, kuna watu wamepanga foleni.”

Wakati wa kubadilisha ulikuwa umekwisha, na kumkalisha binti nyumbani mwaka mzima kungekuwa aibu kubwa zaidi, kwa hiyo Shauki akamwacha aende. Lakini kwa dada yake akaacha kukanyaga. Najwa aliwaambia majirani kwamba binti yake yuko Tanta “anasoma mambo ya tiba”. Siku moja alilisema hilo kwa muuza mboga, Inshirah akipita na kapu lake.

“Anasoma uuguzi, wifi,” alisema bila kusimama. “Hilo neno haling’ati.”

Lakini pale muuza mboga aliposema kwamba uuguzi si kazi ya mtoto wa watu, Inshirah alirudi nyuma hatua tatu, akamwambia mambo kuhusu biringani zake, mizani yake na marehemu mama yake ambayo soko zima lilisimama kusikiliza. Tangu siku hiyo watu wa mtaa walimsifia Basmala, walau mbele ya shangazi yake.

Ilikuwa Machi, miezi saba imepita, Shauki alipoingia tena dukani. Aliweka kitambulisho chake juu ya meza.

“Nakala mbili. Hospitali inataka sahihi ya mzazi kwa ajili ya mwaka ujao wa ufadhili.”

Inshirah akakichukua, akakiweka kwenye mashine. “Anaendeleaje?”

“Wa tatu darasani.”

“Wa tatu? Hao wawili wamelishwa nini?”

Shauki alikohoa ili asicheke. Alizichukua nakala zake akazikagua muda mrefu kuliko nakala zinavyohitaji. “Ameniambia,” alisema. “Kwamba aliandika mwenyewe. Mbona hukusema? Nilikutukana mbele za watu.”

“Ulikuwa unatukana vizuri, sikutaka kukukatiza.”

“Dada.”

“Ungemtoa, Shauki. Mimi nawe tumelelewa na baba mmoja, nakujua.”

Shauki alisimama pale akiikunja karatasi, akaona anachofanya, akaikunjua. Kisha akasema, huku akitazama mlangoni, “Mdogo wake, Yusra, naye anamaliza mwaka huu. Mama yake anataka uhandisi.”

“Ana kichwa cha uhandisi?”

“Hana.”

“Anataka nini mwenyewe?”

“Sijamuuliza.”

“Basi nenda kamuulize,” alisema Inshirah, akiwa amekwisha kumgeukia mteja mwingine. “Akikujibu ‘sawa, baba’, usimwamini.”