Mama Yake Yule Mganga

Juzi mjukuu wangu alikuwa akitazama filamu ya majoka, nikamwona humo binti mganga, maji ya kunde, akimpaka mafuta askari aliyeunguzwa. Nikamkumbuka Bibi.

Utotoni mwangu tulikuwa wageni Maskati, tumetoka Unguja. Alasiri moja mkate wa ufuta ulikuwa jikoni, ua mzima unanukia, na mabinti wa jirani wamemzunguka Bibi kusikiliza hadithi. Kiswahili hawakukijua, kwa hivyo yeye alihadithia na mimi nikafasiri kwa Kiarabu. Nilijiona mkubwa kweli.

"Joka likatema moto, mji ukaungua," alisema Bibi. "Akatokea binti mganga. Baba yake Mwarabu, mama yake mjakazi wa Kimanyema, na dawa zote kafunzwa na mama."

Wale mabinti walikuwa wameshazicheka nywele zangu. Nikafasiri, "Mama yake binti wa sheikh."

Bibi akanigeukia. Kiarabu hakukisema hata siku moja, nami nilidhani hakijui.

"Haya, malizia wewe," akanambia taratibu. "Mie mama huyo simjui."

Akaingia jikoni. Aliporudi macho yake mekundu, nikadhani ni moshi.

Hadithi ile hakunihadithia tena. Siku tuliyomzika ndipo shangazi aliponambia kuwa mjakazi yule alikuwa mama yake Bibi, na kwamba mafuta aliyotupaka kila tulipougua alifunzwa naye. Nami nilimkana mbele ya mwanawe, kisha nikangoja nipewe mkate.