Silvère na Abiria Asiyekuwa Kwenye Orodha

Saa tatu asubuhi, Silvère Gatera anafungua mlango wa nyumba ndogo ya matofali huko Rwezamenyo, mtaa wa mjini, anatoa benchi nje, kisha anaketi kungoja abiria. Ndivyo anavyowaita wageni wake.

Jirani yake Ismaël, fundi cherehani, anavuka barabara na kikombe cha chai ya tangawizi. Humletea kila siku, na hajawahi kuuliza kikombe kitarudi lini.

"Mzee, leo tunasafiri au tunalala bandarini?" Ismaël anamtania.

"Wewe shona suruali za watu. Mtu akija, tunasafiri."

Ziwa Kivu liko mbali na hapa, safari ya saa nyingi kwa basi. Lakini ndani ya nyumba hii kuna usukani wa meli, kengele ya shaba iliyopinda, na maboya mawili yaliyochakaa. Ni mabaki ya Inyange, meli ndogo iliyozama karibu na Kibuye mchana mmoja wa dhoruba mwaka 1981. Watu kumi na tisa walikufa.

Aliyeyakusanya ni Évode, mekanika wa zamani wa meli za ziwani, ambaye sasa ni marehemu. Aliifanya nyumba yake kuwa makumbusho, tena ya kushika kwa mikono. Mgeni anageuza usukani na kupiga kengele. Katika chumba cha pili anasimama juu ya sakafu ya mbao iliyowekwa juu ya springi za lori, na Silvère akivuta kamba, sakafu inainama.

"Kwanza wanacheka," anasema Silvère. "Halafu wananyamaza."

Silvère ana miaka hamsini na miwili. Alikuwa baharia wa Inyange, kazi yake kufunga na kufungua kamba. Mjane wa Évode humlipa faranga elfu tatu kwa mwezi. Kabla ya vita kuanza kule kaskazini, shule zilileta watoto hadi arobaini kwa wiki. Oktoba hii ya 1992, zipo wiki anazopata wageni wanne tu. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, na binti yake ameolewa Bujumbura. Siku nyingine, anasema, sauti ya kwanza kuisikia baada ya ile ya Ismaël ni ya redio.

Leo wanakuja wawili. Ni Aimable na Liliane, maharusi wa miezi miwili kutoka Kanombe. Silvère anawapa tiketi kutoka katika kisanduku cha mbao. Kila tiketi ina jina na kazi ya mtu mmoja wa kweli aliyekuwamo melini siku ile. Mgeni hutembea na jina hilo vyumba vyote, na mwisho hulitafuta ukutani: waliookoka wako upande wa dirisha, waliokufa upande wa mlango.

"Mimi niko kapiteni!" Aimable anapiga kelele akisoma yake. "Liliane, nipigie saluti."

"Kapiteni gani? Baiskeli tu inakushinda."

Kisha Liliane anageuza tiketi yake. Haina jina. "Mzee, hii yangu iko tupu. Nibadilishie."

"Hapana, mwanangu. Shika hiyo hiyo. Huyo ni mama mmoja. Alipanda mwisho, karani alikuwa ameshafunga orodha."

Wanapiga kengele, wanainamishwa na sakafu, Liliane anamng'ang'ania mumewe shati. Wanapofika ukutani, Aimable anamkuta kapiteni wake upande wa mlango. Utani wote unamwisha. Liliane anamshika mkono. "Pole, kapiteni," anamwambia taratibu.

Halafu anauliza, "Na mimi je? Nimekufa ao nimepona?"

Silvère anavua kofia. "Sijui."

Anawaeleza, kama anavyomweleza kila anayepata tiketi ile. Meli ilipolala ubavu, yeye, baharia asiyejua kuogelea, alitumbukia. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alikuwa karibu naye majini, ameshika jerikani tupu. Akamsukumia Silvère jerikani ile.

"Akasema, 'Shika, mtoto, mimi najua maji.' Nilikuwa na miaka arobaini na moja, akaniita mtoto! Wimbi likapita. Sikumuona tena."

Mwili wake haukupatikana. Wala hakuna aliyesema amemwona akiwa hai. Mara mbili Silvère amekwenda parokiani kumwombea misa, na karani wa kanisa akamuuliza maswali ambayo mtu yeyote angejibu: jina lake nani, na misa ni ya mzima au ya marehemu?

"Nikarudi nyumbani. Ningesema marehemu, labda ninamzika mtu aliye hai. Ningesema mzima, labda ninamnyima maombi."

Liliane anamtazama. "Mzee, miaka kumi na moja. Ulishaenda Kibuye kuuliza?"

Silvère anaitazama kofia iliyo mkononi mwake.

"Hukuenda," anasema Liliane, bila ukali. "Mama yangu anauza samaki Kanombe. Wale wamama wanajuana wote. Uliza wazee wa sokoni, utaje mwaka na dhoruba. Watakwambia."

Kabla ya kuondoka, anaifuta tiketi kwa upindo wa kitenge chake na kuirudisha kisandukuni kwa mikono miwili.

Wageni wakishakwenda, Silvère anarudi kuketi benchini.

"Nilikuwa namngoja yule mama aje," anajisemea. "Watu wamekuja hapa kutafuta watu wao ukutani. Nikasema na yeye atakuja siku moja. Lakini atajuaje kama niko hapa? Ukweli, naogopa. Maji naogopa, jibu naogopa zaidi. Nikikaa hapa bila kuuliza, bado yuko."

Jioni anavuka barabara na kumweleza Ismaël kwamba Jumatatu atapanda basi la Kibuye. Ismaël anaacha kushona.

"Alhamdulillahi. Nipe ufunguo. Na nikipata abiria, niwazamishe?"

"Wape tiketi tu. Kamba usiguse, utavunja watu miguu."

Ismaël anapokea ufunguo, kisha anaingia ndani na kutoka na koti lake la sufu. Kule ziwani asubuhi kuna baridi, anasema, na koti la Silvère limetoboka viwiko.

Silvère analijaribu. Mikono ni mirefu kidogo. Anaikunja, na kueleza atakavyofanya akifika.

"Akiwa hai, anigombeze. Miaka kumi na moja bila salamu, si adabu. Nitasimama mbele yake mpaka amalize."

"Na akiwa amekufa?" anauliza Ismaël.

"Basi watu wake wataniambia alikuwa anaitwa nani. Nitakaa nao siku mbili, nilie kama mtu wa nyumbani."