Mama Mkwe Anakaribia Pwani

Kinyozi wa mtaa wetu wa ufukweni alikuwa na jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini sote tulimwita Rada. Alilipata jina hilo mwaka ule ambao vimbunga viliandamana baharini kama watu kwenye foleni ya maji. Binti yake alimwekea kwenye simu ramani inayoonyesha vimbunga vilipo, na tangu siku hiyo Rada hakunyoa tena kichwa kwa utulivu. Alikuwa akimaliza upande mmoja anachomoa simu, anaguna, anatikisa kichwa. Mteja aliyebaki na nusu ya nywele hakuwa na la kufanya ila kuuliza, "Vipi, kimefika wapi?"

"Bado kinajishauri," Rada alijibu, kwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu na televisheni ndogo iliyofungwa karibu na dari. Zamani televisheni hiyo ilikuwa ya mpira. Sasa ikawa ya mawingu. Wanaume walikaa wakitazama doa jeupe likizunguka, na kila mmoja alikuwa na utabiri wake. Fundi wa friji alisema litakwenda kaskazini. Dereva wa lori la mchanga alisema litakuja moja kwa moja, maana goti lake linauma. Walibishana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na hakuna hata mmoja aliyekwenda nyumbani kukaza misumari ya bati.

Mambo yalipochachamaa, ofisi ya mtaa ikaunda kamati ya kujiandaa na maafa. Rada akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu ndiye mwenye ramani. Kikao cha kwanza kilijadili rangi ya vizibao vinavyong'aa. Kilichofuata kilijadili nani avivae. Kingine kiliahirishwa kwa sababu ya mvua. Hatimaye wakapata vizibao vya rangi ya chungwa, kipaza sauti cha mkononi, na ubao mkubwa wenye mshale wa kuwaelekeza watu shule ya mlimani, ambako wangekimbilia. Ubao ulipendeza mno, wakausimamisha ndani ya ofisi usije ukanyeshewa.

Kimbunga cha kwanza kilipotangazwa, Rada alipita mtaa mzima akipaza sauti. Watu wakabeba magodoro, wakapanda shuleni. Jua likawaka kutwa nzima. Kimbunga kiligeukia huko huko baharini kikaenda zake. Cha pili wakapanda tena, safari hii wachache, nacho kikaishia kuwa upepo wa kukausha nguo. Waliporudi, mshona viatu alikuta kuku wake wameibwa, akamfuata Rada saluni akimtaka amweleze ni kimbunga gani kinachochagua kuku wa mayai peke yao.

Ndipo kikaja cha tatu. Vimbunga vya huko baharini hupewa majina ya watu kwa zamu, na zamu ilikuwa imeliangukia jina la mama mkwe wake Rada, herufi kwa herufi. Rada alilisikia redioni akiwa anamnyoa mwalimu. Mkono ukamteleza, akamchora mwalimu mchirizi juu ya sikio.

Mama mkwe huyo alikuwa mshona mapazia, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia meli. Aliishi peke yake kitongoji cha jirani, nyumba ya mwisho kabla ya maji. Tangu aoe, Rada hakuwahi kulitamka jina lake. Heshima ilimzuia, na woga ukaisaidia heshima. Sasa asimame barabarani alitangaze? Alilala na wazo hilo, akaamka nalo. Asubuhi akavaa kizibao, akatoka.

"Wananchi," alipaza sauti, "Mama Mkwe amepata nguvu. Yuko baharini anazunguka, na anaelekea kwetu. Mama Mkwe si wa kuchezea. Fungeni madirisha, pandeni shuleni."

Mtaa ulicheka mpaka watu wakakaa chini. Kufika adhuhuri hakukuwa na habari nyingine. Dukani mtu alisema Mama Mkwe amepunguza kasi, mwingine akamjibu kwamba anavuta pumzi tu huyo, subiri umwone. Habari haikukaa kwetu. Ilivuka kitongoji, ikabisha hodi kwa mwenyewe. Alasiri simu ya Rada ikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia nimepata nguvu."

Rada akakaa kwenye kiti cha wateja. "Mama, siyo hivyo..."

"Na kwamba si wa kuchezea."

"Ni kimbunga, mama. Kina jina lako. Nisingeweza kulitaja barabarani."

"Kasi yangu kiasi gani?"

Rada akamtajia.

"Mh. Na nafika lini?"

"Kesho mchana. Ila kwako kitaanza kabla ya kwetu, na pale ni bondeni. Njoo ukae na sisi, mama, nakuomba."

"Ningekuja hata usingeniita," alisema, akakata.

Mke wa Rada, mpishi wa hospitali, alirudi kutoka kazini na uso umekunjamana. "Umemtangaza mama yangu kama mnyama aliyetoroka."

"Nilikuwa namheshimu."

"Heshima ya namna hiyo mpe mama yako."

Kesho yake asubuhi mama mkwe alishuka kwenye teksi akiwa na cherehani yake iliyoviringishwa kwenye mapazia. Hakuingia ndani. Alisimama uani akaitazama nyumba ya mwenyekiti, akaona pembe moja ya bati imeinuka na juu yake pamewekwa jiwe.

"Mwenyekiti," alisema, "hili jiwe ni la kamati?"

Rada akapanda juu na nyundo, kizibao mwilini, mama mkwe chini akimwonyesha kwa kidole msumari hadi msumari. Alipomaliza, upepo ulikuwa umeanza kusukuma milango. Akakimbia mtaa wa chini na kipaza sauti. Betri ikaisha kabla hajamaliza kusalimia. Akaanza kugonga mlango kwa mlango.

"Tumeshapanda vya kutosha," mshona viatu alimwambia dirishani.

Fundi wa friji hakufungua hata dirisha. "Mama Mkwe akifika," alijibu kutoka ndani, "mwambie abishe hodi."

Rada alirudi nyumbani karibu kulia. "Hawatoki," alisema. Mama mkwe akajifunga kilemba, akamvua mkwewe kile kizibao, akakivaa mwenyewe na kushuka. Alianzia kwa fundi wa friji.

"Nani?"

"Mama Mkwe. Umesema nibishe hodi."

Mlango ukafunguka taratibu. Fundi akamtazama kuanzia kilemba hadi miguuni, mdomo wazi.

"Mimi ndiye wa nchi kavu," mama alisema. "Mwenzangu yuko nyuma, na yeye habishi. Chukua watoto, tuondoke."

Waliosikia walitoka kumwona, na aliyetoka hakuruhusiwa kurudi ndani. Walipanda mlima nyuma ya mwanamke yule, magodoro kichwani, wakicheka huku mvua ikiwachapa. Hata mshona viatu alikuja, na jogoo aliyebakiziwa na wezi akiwa kwapani.

Shule ilikuwa imefungwa. Ufunguo alikuwa nao mjumbe mmoja wa kamati, na mjumbe alikuwa harusini mji mwingine. Katika vikao vyote suala la ufunguo halikuwahi kufika mezani. Dereva wa lori akarudisha gari nyuma, akalisukuma geti likalala, na watu wakaingia madarasani.

Kimbunga kikafika. Bati zilipiga kelele, kioo cha dirisha kikapasuka, watoto wakalia. Rada alikaa chini ya ubao wa darasa akiitikisa simu. Mtandao ulikuwa umekatika. Kwa mara ya kwanza msimu ule hakujua kimbunga kiko wapi, na kilikuwa juu ya kichwa chake.

Mama mkwe akaja akainama karibu naye. "Kiko wapi sasa?"

"Sijui, mama."

"Basi shika hapa," alisema, akampa ncha ya pazia nene alilopanda nalo. Wakaliziba dirisha wawili, kila mmoja upande wake, mpaka mikono ikafa ganzi.

Jioni upepo ulipotulia tukashuka. Mtaa wa chini maji yalikuwa yamefika madirishani, na friji za fundi zilielea barabarani kama viboko. Saluni haikuwa na paa wala televisheni. Lakini hakuna aliyekufa, na nyumba ya Rada ilisimama na bati zake zote.

Maji yalipopungua, Rada na mkewe walimsindikiza mama kitongojini kwake. Palibaki ngazi za mlangoni tu, zikipanda kwenda hewani. Alizitazama muda mrefu. Mkewe Rada alilia, mama hakulia. "Cherehani nilikuja nayo," alisema, akageuka.

Kamati ilikutana, ikajipongeza kwa kutoa tahadhari mapema. Mama mkwe, aliyealikwa kupewa shukrani, aliuliza ufunguo wa shule uko kwa nani sasa. Katibu akamjibu kwamba hilo limepangwa kwa kikao kijacho. Akaondoka kabla ya chai, akapitia kwa fundi wa kufuli akaagiza kufuli jipya lenye funguo nyingi, na siku hizi ufunguo wa shule uko katika nyumba nyingi za mtaa, watu wakiutundika jikoni pamoja na miiko.

Anajenga mlimani sasa, jirani na shule. Mapazia ya mtaa mzima yalichukuliwa na upepo, kwa hiyo kazi anayo. Jumapili Rada hupanda kumchimbia msingi, naye husimama pembeni akimwambia mstari umepinda. Rada hufukia, akaanza upya.